Drili, Panga na Kanda ya Video

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye rafu ya duka la kukodisha kanda za video. Juu ya rafu kuna jalada moja. Mwanamume amesimama akiwa ametupa mgongo, sura yake haionekani. Katikati ya miguu yake inaning'inia drili ya umeme, keekee ndefu yenye ncha inayoelekea chini. Mbele yake wasichana waliovaa nguo za kulalia wamejikunyata, wanamtazama kwa hofu. Hiyo ndiyo picha iliyoiuza filamu ya Kimarekani ya mwaka 1982 iitwayo The Slumber Party Massacre, yaani mauaji kwenye mkesha wa wasichana waliokwenda kulala kwa mwenzao.

Mtu akiliona jalada hilo hana haja ya kuuliza limekusudiwa nani. Vijana wa kiume, bila shaka. Lakini ukisoma majina ya walioitengeneza, mambo yanageuka. Aliyeiandika ni Rita Mae Brown. Aliyeiongoza ni Amy Jones, ambaye leo anajulikana zaidi kwa jina la Amy Holden Jones. Wote wanawake, na Rita Mae Brown si mwanamke wa kupita njia katika habari hizi: ndiye aliyeandika riwaya ya Rubyfruit Jungle mwaka 1973, na mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa wanaharakati waliokikabili hadharani chama kikubwa cha wanawake cha Marekani kwa sababu kilikuwa kinawaonea haya wanachama wake wanaopenda wanawake wenzao. Mwanamke wa aina hiyo alikaa chini akaandika filamu ya mwanamume anayewatoboa wasichana kwa drili. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba aliandika mzaha. Miaka ile filamu za wauaji wenye visu zilikuwa zimefurika. Halloween ya John Carpenter ilitoka mwaka 1978 na kuvuna fedha nyingi kwa gharama ndogo. Mwaka 1980 ikafuata Friday the 13th, na baada yake kila mwenye kamera na ndoo ya rangi nyekundu akataka yake. Mapishi yalikuwa yale yale: wasichana warembo, nyumba isiyo na wazazi, muuaji asiyechoka. Wahakiki wawili maarufu wa televisheni, Gene Siskel na Roger Ebert, walikasirika kiasi cha kutenga kipindi kizima mwaka 1980 kulalamikia filamu hizi na jinsi zinavyowafanya wanawake mawindo. Rita Mae Brown alichagua njia nyingine, nayo ni kejeli. Aliyachukua mapishi hayo akayatia chumvi hadi yachekeshe.

Mswada huo ukaangukia mikononi mwa Roger Corman, na hapo inafaa tukae kidogo, maana bila Corman filamu hii haipo. Corman, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 98, ndiye aliyekuwa bingwa wa filamu za bei rahisi Marekani. Kampuni yake ya New World Pictures, aliyoianzisha mwaka 1970, ilitengeneza picha za haraka kwa ajili ya sinema za mitaani na zile za nje ambazo watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, kama ile iliyokuwa Msasani, Dar es Salaam. Alikuwa na tabia moja ambayo studio kubwa hazikuwa nayo: aliwapa wanawake kazi. Stephanie Rothman aliongoza filamu kwake. Gale Anne Hurd, aliyekuja kuizalisha The Terminator, alianzia ofisini kwake. Sifa hiyo ni ya kweli, ila tusiipambe. Wanawake walikuwa na njaa ya nafasi, na mwenye njaa hadai mshahara mkubwa. Tena Corman huyo huyo, mwaka 1980, alimwajiri Barbara Peeters kuongoza Humanoids from the Deep, kisha mwanamke huyo alipomaliza kazi yake zikaongezwa bila yeye picha za wanawake wakibakwa na majitu ya baharini. Kwa hiyo mlango wa Corman ulikuwa wazi, lakini ulikuwa na misumari.

Amy Jones aliuingia mlango huo kwa ujanja. Alikuwa amesoma, ameshinda tuzo ya filamu za wanafunzi, na Martin Scorsese alikuwa amemchukua kama msaidizi wake wakati wa kupiga Taxi Driver. Baadaye akawa mhariri wa filamu. Kazi ya uhariri ilimwendea vizuri, na hatimaye Steven Spielberg alimpa nafasi ya kuhariri filamu yake iliyofuata. Filamu hiyo ni E.T., ile ya kiumbe kidogo kutoka sayari nyingine, ambayo mwaka 1982 ilikuja kuvunja rekodi za mauzo duniani. Mhariri yeyote angepiga magoti kushukuru.

Yeye hakutaka kubaki mhariri. Alitaka kuongoza. Akaenda kwa Corman, akachukua mswada mmoja kati ya iliyokuwa imelala bila kazi, ule wa Rita Mae Brown, akaanza na kurasa chache za mwanzo tu. Mume wake, Michael Chapman, alikuwa mpiga picha wa Taxi Driver na Raging Bull, kwa hiyo kamera haikuwa tatizo. Walitumia vipande vya utepe vilivyobaki kwenye kazi za watu wengine, waigizaji wasiolipwa, na nyumba yao wenyewe. Gharama yote ilikuwa kama dola 1,000. Akahariri, akampelekea Corman. Mzee akatazama, akauliza imegharimu kiasi gani, na aliposikia jibu akampa filamu nzima aiongoze. Jones akamwendea Spielberg kumwomba radhi, naye akamwachia. Nafasi ya E.T. ikachukuliwa na mwanamke mwingine, Carol Littleton, aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Jones yeye akabaki na drili, na bajeti ya robo milioni ya dola hivi.

Hapa ndipo penye utata wa filamu hii. Mswada ulikuwa wa kejeli, lakini mwenye fedha alitaka filamu ya kutisha kweli. Jones akaurekebisha, akaupiga kama hadithi ya hofu, ila mizaha mingi ya Brown ikabaki ndani kama mchanga kwenye mchele. Matokeo yake ni filamu ambayo mtazamaji anashtuka, halafu anacheka, halafu anajiuliza kama aliruhusiwa kucheka.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Trish, msichana wa sekondari mwenye miaka 18, wazazi wake wamesafiri. Anawaalika wenzake wa timu ya mpira wa kikapu waje kulala. Nyumba ya jirani anakaa Valerie, mwanafunzi mgeni ambaye baadhi ya wasichana wanamsengenya, pamoja na mdogo wake Courtney. Na mtaani anazurura Russ Thorn, muuaji aliyetoroka. Mwisho wa hadithi. Hakuna fumbo la nani aliyeua, kwa kuwa muuaji anaonyeshwa tangu mapema, mchana kweupe, bila kinyago. Michael Myers wa Halloween alifichwa nyuma ya kinyago hadi akawa kama jini. Huyu wa Jones ni mwanamume wa kawaida aliyevaa jinzi, ungeweza kumpita kituo cha basi usimkumbuke. Wala hapewi sababu. Hatuambiwi mama yake alimfanya nini utotoni. Karibu filamu nzima hasemi neno, na anapofungua mdomo karibu na mwisho anawaambia wasichana kwamba ni warembo, kwamba anawapenda, na kwamba wao wenyewe wanalitaka jambo hilo. Kila msichana aliyewahi kufuatwa njiani na mtu asiyekubali neno "hapana" ameshayasikia maneno hayo bila drili.

Tazama pia nani anafanya kazi katika filamu hii. Mtu wa kwanza kuuawa na drili mbele yetu ni fundi simu, na fundi huyo ni mwanamke. Amekuja shuleni na gari lake la kazi na mkanda wa vifaa kiunoni. Vijana wanajaribu kumtania, anawajibu, anaendelea na shughuli zake, kisha anavutwa ndani ya gari lake mwenyewe na hakuna anayemsikia. Baadaye, nyumbani kwa kocha wa timu, ambaye pia ni mwanamke, ncha ya drili inapenya mlango ghafla na mtazamaji anaruka. Kumbe ni fundi anayetoboa tundu la kuchungulia wageni, na fundi huyo naye ni mwanamke. Hakuna mhusika anayelisemea jambo hilo. Mwaka 1982 hilo lilikuwa jambo la kusema, nao wakalipitisha kimya kimya katika filamu ya kutisha ya bei rahisi.

Wavulana je? Wawili wanajibanza dirishani kuwachungulia wasichana wakibadilisha nguo. Katika filamu nyingi za aina hii kamera inachungulia pamoja nao na mambo yanaishia hapo. Hapa wachunguliaji wanaingizwa ndani, wanajikuta wamefungiwa na wasichana, wanajitia ushujaa wa kukimbia kwenda kutafuta msaada, na wanauawa. Hakuna mvulana anayekuja kuokoa mtu. Halafu inakuja piza. Kijana wa kuipeleka anafika mlangoni akiwa ametobolewa macho, anaanguka ndani. Wasichana wanapiga kelele, wanazima taa, wanashika visu vya jikoni. Dakika chache baadaye mmoja wao anafungua boksi la piza karibu na maiti na kuanza kula, kwa sababu ana njaa na maisha lazima yaendelee. Hapo unamsikia Rita Mae Brown mwenyewe. Ni kicheko cha matanga, kile ambacho mtu anajizuia nacho wakati majirani wanalia.

Na kuna pigo la mwisho. Valerie, yule mgeni aliyekuwa akisengenywa, anatoka na panga na kuikata ncha ya drili. Keekee inadondoka, na muuaji anaitazama zana yake fupi kwa mshangao wa mtu aliyenyang'anywa kitu asichodhani kingeweza kuondoka. Asiyeelewa mzaha huo na alitazame tena jalada.

Sasa tugeukie upande wa pili, kwa maana haifai kuipaka filamu hii mafuta. Ina picha ndefu ya wasichana wakioga bafuni shuleni baada ya mazoezi, na kamera inateremka polepole kwenye miili yao bila sababu yoyote ya kihadithi. Corman alidai uchi kwa sababu uchi uliuza tiketi, na Jones akautoa. Unaweza kumtetea kwa kusema amelipa kodi ya kuingilia. Unaweza pia kusema kodi hiyo imelipwa kwa miili ya waigizaji wasichana, si kwa mwili wake. Hoja zote mbili zina uzito, na wanaharakati wa wakati ule walioiona filamu hii kama uchafu mwingine tu hawakuwa wajinga.

Kilichoibadilisha hatima yake ni deki ya video. Mfumo wa VHS ulizinduliwa Japani mwaka 1976 na kuingia Marekani mwaka uliofuata. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1977, mfanyabiashara George Atkinson akaanza kukodisha kanda mjini Los Angeles akiwa na filamu 50 tu. Studio kubwa zilipambana mahakamani kuzuia watu kurekodi vipindi nyumbani, na Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yao kwa kura tano kwa nne. Baada ya hapo maduka ya kanda yakazagaa kila kona, na rafu zake zilikuwa na njaa. Filamu kubwa hazikutosha kuzijaza. Filamu za kutisha za bei rahisi, ambazo kwenye kumbi za sinema zingekaa wiki mbili na kusahaulika, zikapata makazi ya kudumu.

Wenye umri wao Tanzania Bara watalielewa hilo upesi. Hadi mwaka 1994 hapakuwa na kituo cha televisheni Bara, kwa hiyo watu wengi waliokuwa na seti sebuleni walikuwa nayo kwa ajili ya kanda. Ulikwenda kukodisha, hukuwa na mhakiki wala tangazo la kukuongoza, ulichagua kwa jalada. Jalada lilidanganya mara nyingi. Lilionyesha mlipuko usiokuwemo, au mwigizaji anayepita dakika moja tu.

Jalada la The Slumber Party Massacre nalo lilidanganya, lakini uongo wake ulifanya kazi ya ajabu. Liliahidi wanaume watamuona mwanamume mwenye drili akishinda. Lililofichwa ndani ni wanawake wakifanya kazi, wakichekana, wakipigana, na mmoja akiikata drili hiyo. Na kanda ikishafika nyumbani, mwenye duka hana tena uwezo wa kuchagua nani ataitazama. Kaka ameikodi, dada naye ataiona. Wasichana waliokwenda kulala kwa rafiki yao wakaweza kuweka kwenye deki filamu ya wasichana waliokwenda kulala kwa rafiki yao. Ukumbini mtazamaji hubebwa na kelele za wengine. Sebuleni mtu anasimamisha picha, anarudisha nyuma, anauliza, "Hebu, yule fundi simu alikuwa mwanamke?"

Wasomi nao wakaanza kuangalia. Mwaka 1987 Carol Clover, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye fani yake ya kwanza ilikuwa fasihi ya kale ya nchi za Skandinavia, alichapisha makala kuhusu filamu za wauaji wa visu, kisha mwaka 1992 akatoa kitabu, Men, Women, and Chain Saws. Ndiye aliyempa jina msichana anayebaki hai hadi mwisho: msichana wa mwisho. Hoja yake iliwashangaza wengi. Alisema vijana wa kiume wanaojaza kumbi hizo hawakai upande wa muuaji tu, bali kadiri filamu inavyoendelea wanahamia upande wa msichana, wanaogopa pamoja naye na kushinda pamoja naye. Hoja hiyo inasaidia, ingawa kwa filamu ya Jones haitoshi. Hapa hakuna msichana mmoja wa mwisho. Wanabaki watatu, Trish, Valerie na mdogo wake, na kocha anakufa akiwa anapigana na muuaji. Hata usafi wa tabia, ambao kwa kawaida ndio unaomwokoa msichana katika filamu hizi, hapa haumsaidii mtu. Courtney anasoma kwa siri gazeti la dada yake lenye picha za wanaume walio uchi, na anaishi. Hilo la kubaki watatu ndilo jambo la kifeministi kuliko yote katika filamu hii, kuliko hata panga.

Mauzo yalizaa mwendelezo. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1987, ikaandikwa na kuongozwa na Deborah Brock. Courtney amekua, ana bendi ya wasichana, na muuaji safari hii ni mwimbaji wa roki mwenye gitaa lililoungwa drili, anayeimba na kucheza kati ya mauaji. Ni filamu ya kichaa, na wapo wanaoipenda kuliko ya kwanza. Sehemu ya tatu, ya mwaka 1990, iliongozwa na Sally Mattison, ikaandikwa na Catherine Cyran. Ni dhaifu. Lakini filamu tatu za wauaji, zote zimeandikwa na kuongozwa na wanawake, katika miaka ambayo studio kubwa ziliwahesabu waongozaji wa kike kwa vidole: hilo si jambo dogo.

Kanda zilipokufa, sahani zikachukua nafasi. Mwaka 2010 kampuni ya Shout! Factory ilizitoa filamu zote tatu pamoja kwenye DVD, ikaambatanisha filamu ya kumbukumbu ambamo walioshiriki wanasimulia jinsi zilivyotengenezwa. Mwaka 2014 ile ya kwanza ikatoka kwenye Blu-ray. Kwa filamu ndogo, hayo ni mazishi yaliyoahirishwa. Nakala safi na sauti ya mwongozaji mwenyewe vinampa mtazamaji kitu ambacho jalada la mwaka 1982 lilimnyima, nacho ni kujua nani alikuwa nyuma ya kamera na alilazimika kukubali nini.

Mwaka 2021 ikaja tafsiri mpya ya televisheni, iliyoongozwa na Danishka Esterhazy na kuandikwa na Suzanne Keilly. Safari hii wasichana ndio wanaomwinda muuaji, na wanaooga mbele ya kamera, na kupigana mito wakiwa vifua wazi, ni wavulana. Inafurahisha. Hata hivyo mzaha wake umeandikwa kwa herufi kubwa mno, kila utani unamkonyeza mtazamaji ili asiukose. Jones alilazimika kuficha, na kule kuficha kuliifaa filamu yake.

Kuhusu Jones mwenyewe, aliongoza Love Letters mwaka 1983, akiwa na Jamie Lee Curtis, msichana yule yule wa Halloween, katika hadithi ya mapenzi isiyo na tone la damu. Kisha akajulikana zaidi kama mwandishi: Mystic Pizza, Beethoven ile ya mbwa mkubwa, Indecent Proposal, na mwaka 2018 tamthilia ya hospitali iitwayo The Resident. Kwenye filamu za kutisha hakubaki. Aliutumia mlango, akapita.

Basi ni filamu ya kifeministi au siyo? Nusu yake ni, nusu yake siyo, na mshono unaonekana. Uigizaji una sehemu mbovu, damu inafanana na rangi ya ukutani, na ile picha ya bafuni inabaki kuwa aibu. Lakini kati ya filamu za wauaji za miaka ile, chache zinawapa wasichana wake ucheshi, njaa, urafiki na hasira kama hii. Ina dakika 77 tu. Atakayeipata aitazame akiwa na rimoti mkononi, na watoto wakiwa wamelala.